Mboga za Shosho na Mizani ya 1931

Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha miili na vyakula vya Wamaasai na Wakikuyu. Wamaasai, watu wa maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu na wazito zaidi. Wakikuyu walitegemea nafaka, viazi na kunde. Lakini mimi, mtoto wa Kawangware, ninashika jambo lingine humo: wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko wanaume, na ziliwafaa. Yaani ujuzi wa lishe ulikuwepo huku kabla ya daktari kuja na mizani.

Leo jioni, Kibera ama Kawangware, wanafunzi wamezunguka meza ya chipsi na smokie. Ploti moja, huyu amenenepa, yule amekonda. Halafu tunaambiwa hatujui kula. Kujua tunajua! Managu na terere tunazifahamu. Ila shamba la shosho liligeuka ploti, na sufuria ya maharagwe inakula makaa ya siku mbili. Chipsi huja zimeiva tayari. Anayetaka kutufundisha lishe aanze na bei ya makaa.