Programu yako imetumia muda gani? Inategemea unauliza saa ipi

Ukiiuliza Linux programu yako imetumia muda gani, kwa amri ya time, haikupi jibu moja. Inakupa matatu. Kwa nini matatu?

Turudi miaka ya 1950. Kompyuta ilimaliza kazi moja ndipo ikashika nyingine. Kupima kulikuwa rahisi: angalia saa ya ukutani kazi inapoanza na inapoisha, toa, basi.

Mambo yakabadilika Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walipoonyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu kadhaa kutumia mashine moja kwa zamu fupifupi. Hapo saa ya ukutani ikawa haitoshi. Ni kama kwa kinyozi: umekaa saa mbili, kumbe umenyolewa dakika kumi na tano tu, muda mwingine wote ulikuwa foleni. Na hili si dogo, maana kompyuta zilikuwa ghali na watumiaji wengi walilipishwa kwa muda wa prosesa.

Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ikaja kuzitenganisha hesabu: muda wa saa ya ukutani, muda wa prosesa ndani ya programu yenyewe, na muda ambao mfumo uliitumikia programu hiyo, mfano kuisomea faili. Ndiyo hayo majibu matatu.

Sasa, ilipimaje? Kwenye mashine za PDP-11, saa ilipiga mara 60 kwa sekunde, ikifuata umeme wa Marekani. Kila pigo, mfumo unachungulia: nani yuko kwenye prosesa? Huyo anaandikiwa pigo zima, hata kama ndo kwanza ameingia. Aliyetoka kabla ya pigo haandikiwi kitu. Yaani kondakta anadai nauli kituoni tu. Ukiwahi kushuka, umesafiri bure.

Mtindo huo uliishi muda mrefu. Mwaka 2007, Tsafrir, Etsion na Feitelson walionyesha kwamba programu ya kawaida inaweza kulala kidogo kabla ya kila pigo, ikala karibu prosesa nzima, halafu ikaonekana haijatumia chochote. Linux na Windows XP zote zilidanganyika. Mwaka huohuo Linux 2.6.23 ikaleta CFS, mgawa zamu anayehesabu kwa nanosekunde badala ya mapigo.

Kwa hiyo ukisoma utafiti unaosema programu fulani ina kasi mara mbili, uliza kwanza: kwa saa ipi, na iliyohesabiwaje?