Vali za zamani: Je, kweli zina sauti tamu kuliko za leo?

Ukifungua mgongo wa redio iliyotengenezwa miaka ya 1950, utakuta vichupa vya kioo ambavyo redio ikiwashwa huwaka rangi ya chungwa kama makaa. Vichupa hivyo huitwa vali, na wengine huviita taa za redio. Leo kazi yake katika redio na simu imechukuliwa na transista.

Hata hivyo, wapo wapenzi wa muziki, hasa Ulaya, Marekani na Japani, ambao hadi leo husikiliza muziki kwa amplifaya za vali. Baadhi yao hulipa fedha nyingi kupata vali za zamani wakiamini kuwa zina sauti tamu kuliko zinazotengenezwa sasa. Je, imani hiyo ina ukweli? Katika makala hii tunaeleza vali hufanya nini, tofauti ipi husikika kweli, na jinsi ya kuzilinganisha bila kujidanganya wala kudanganywa na muuzaji.

Vali hufanya kazi gani?

Ndani ya kichupa cha vali hewa imeondolewa. Kipande cha chuma kiitwacho kathodi hupashwa moto, na kikipata moto hutoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na bamba la pili, anodi, lenye volti nyingi. Vali ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Kuanzia mwaka 1906, Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu, ambacho kilikuja kuwa wavu wa waya kati ya kathodi na anodi.

Wavu huo hufanya kazi kama koki ya maji. Ukiigeuza koki kidogo tu, maji mengi hupungua au huongezeka. Vivyo hivyo, mawimbi dhaifu ya sauti yakipelekwa kwenye wavu, hutawala umeme mwingi unaopita ndani ya vali. Hapo sauti inakuwa imekuzwa.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, wasikilizaji wake walitumia redio za vali, kwani redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954. Hata leo mitambo mingi mikubwa ya kurushia matangazo ya masafa mafupi bado hutumia vali.

Kwa nini watu husema sauti yake ni laini?

Hakuna amplifaya inayokuza sauti bila kuibadilisha hata kidogo. Tofauti iko katika namna inavyoibadilisha.

Tuchukue noti yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Vali nyingi, hasa zile zenye viungo vitatu tu, huongeza juu yake sauti hafifu ya mitetemo 880. Hiyo ni noti ileile, ila imepanda. Ni kama baba na mtoto wanaoimba wimbo mmoja, baba chini na mtoto juu: sauti zao hazigombani. Ndiyo maana nyongeza hiyo hulifurahisha sikio badala ya kuliudhi.

Sababu ya pili huonekana amplifaya inapozidiwa. Amplifaya ya transista ikifika kikomo chake hukata kilele cha wimbi ghafla, na sauti hukwaruza. Ya vali huanza kulemewa taratibu kabla ya kufika kikomo. Mwaka 1973, mhandisi Mmarekani Russell Hamm alichapisha utafiti kuhusu vifaa vya kukuza sauti ya maikrofoni studioni. Alionyesha kuwa vali na transista hutofautiana waziwazi pale zinapozidiwa. Wapiga gitaa la umeme wanalijua jambo hili vizuri. Wengi wao huizidisha amplifaya ya vali makusudi ili wapate mlio wanaoutaka.

Lakini zikifanya kazi bila kuzidiwa, mambo hubadilika. Mwaka 1978 nchini Uingereza, James Moir aliwakusanya wasikilizaji wenye uzoefu akawapa amplifaya tatu za kampuni ya Quad, moja ya vali na mbili za transista. Hawakuambiwa ipi inapiga. Matokeo hayakuonyesha kuwa waliweza kuzitofautisha.

Je, vali mbili za aina moja hutofautiana?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwanza, tutenganishe aina ya vali na kiwanda kilichoitengeneza.

Aina tofauti hutofautiana kweli. Vali ndogo za ECC81, ECC82 na ECC83 huingia kwenye tundu moja, lakini uwezo wake wa kukuza ni takriban 60, 20 na 100 kwa mfuatano huo. Ukitoa ECC83 ukaweka ECC82, sauti ya amplifaya itashuka mara moja. Hilo halihusiani na ubora wala umri wa vali. Tena si kila amplifaya imeundwa kupokea badiliko hilo.

ECC83 mbili za viwanda tofauti, kwa mfano Mullard ya Uingereza na Telefunken ya Ujerumani, zimeundwa kufuata vipimo vilevile. Zikiwa nzima, tofauti zake huwa ndogo: moja inaweza kukuza zaidi kidogo, nyingine ikawa na mvumo, au ikatoa mlio spikani ukigonga kioo chake kwa kalamu. Mara nyingi vali mpya hushinda kwa sababu tu ile iliyotolewa ilikuwa imechoka.

Jinsi ya kuzilinganisha kwa haki

• Tumia amplifaya moja, spika zilezile na wimbo uleule.

• Ziache vali zipate moto kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kusikiliza.

• Sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio hupenda sauti iliyo juu kidogo na kuidhania kuwa bora. Programu ya kupima sauti katika simu inaweza kusaidia, mradi simu isihamishwe mahali ilipowekwa.

• Mwombe mtu mwingine anayejua kazi hiyo abadilishe vali bila kukuambia ipi imewekwa. Andika jibu lako kila mara, kisha rudieni mara 10.

Ukipata 5 kati ya 10, ni sawa na kurusha sarafu. Ukipata 9 au 10, kuna sababu nzuri ya kuamini masikio yako, kwani anayebahatisha hufika hapo takriban mara 1 tu katika 100.

Ukitaka kununua au kuuza

Vali mpya bado hutengenezwa, hasa Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kwa muda vali zake kuuzwa nje, na wanunuzi wengi wakaingiwa na hofu ya uhaba. Bei inapopanda, walaghai nao huongezeka. Jina la kiwanda maarufu hufutika na kuchapishwa upya kwa urahisi, kwa hiyo usinunue jina. Mwombe muuzaji akupe vipimo vya kifaa cha kupimia vali.

Kagua pia rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya kioo. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Na kama una redio ya babu iliyowekwa stoo, usiitupe wala usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla fundi hajaiangalia.

Tahadhari

Amplifaya ya vali huwa na volti 250 hadi 500 ndani yake, nyingi kuliko umeme wa nyumbani. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na zimewahi kuua watu. Usiingize mkono ndani. Kifaa kilichokaa miaka mingi bila kutumika kisiwashwe kabla ya kukaguliwa na fundi anayezijua vali.

Kwa hiyo, anayesema amplifaya ya vali ina sauti yake ya pekee anaweza kuwa na haki, hasa inapozidiwa. Anayekuambia kuwa kichupa kimoja cha zamani kina utamu unaostahili bei mara kumi ya kipya, mwombe kwanza akisikilize bila kukiona.