MAJINA YA JADI NA VITABU VYA SERIKALI



Magofu ya mji wa kale wa Mtwapa yangali kando ya hori, ingawa wenyewe waliuhama zamani. Lakini jina la mji huo halikupotea, kwa sababu watu walilichukua walikokwenda: huko Mombasa, Wamtwapa huhesabiwa miongoni mwa Tisa Taifa, pamoja na Wamvita, Wakilifi na wengineo. Jina, basi, ni hati ya asili. Ila hati yataka msomaji aijuaye, na mwenye kutafuta nasaba katika vitabu vya kale hana budi kuuliza kwanza kila kitabu kiliandikwa kwa haja gani.

Kwa desturi ya Wagiriama, mwana wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Tuseme Karisa wa Katana amepata mwana. Atamwita Katana, na Katana huyo naye atamzaa Karisa. Hivyo majina mawili hupokezana kizazi baada ya kizazi. Karani asiyejua desturi hii, akikuta "Katana Karisa" katika kitabu kimoja na "Karisa Katana" katika kingine, aweza kudhani ni mtu mmoja, kumbe ni baba na mwana. Tena jina hilo la pili ni la baba tu, si la ukoo. Ukoo ni mbari, nayo mara nyingi haikuandikwa.

Vitabu vya Serikali ya kikoloni vilitafuta kodi na kazi, si nasaba. Kipande, kilichoenezwa tangu 1919 na 1920 hata kikaondolewa 1947, kilimwandika mwanamume, kabila lake, alama za vidole vyake na ajira yake. Mama zetu hawamo. Vitabu vya misioni navyo vyataka uangalifu. Frere Town, iliyoanzishwa na C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ilikuwa na watu wengi wenye majina ya ubatizo na ya Kizungu. Kasisi William Jones alilelewa Nasik, katika Bara Hindi. Jina lake peke yake halitaji asili yake ya Afrika.

Jambo hili si la fahari tu, kwani jina lisiloandikwa laweza kugharimu shamba. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayalete mbele ya Mwandikishaji. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima hawakupata hati, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na daftari. Na liandikwe jina la mtu, la baba, la babu, la mama na mbari yake, na mahali alipozaliwa. Mwaka usipojulikana, litajwe jambo lililotokea, kama vile vita vya Wagiriama vya 1914. Kisha daftari hilo lilinganishwe na karatasi zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, zilizowekewa sheria mwaka 1965. Karatasi hizo zaweza kusomwa hata mwakani. Wazee na waulizwe sasa.