Picha za Ruwenzori na Suala la Majina

Sisi tuliokulia Lusangi, katika nchi ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, tuliijua theluji kwa picha tu. Mito na misitu tuliiona kwa macho. Mlima wenye kilele cheupe tuliuona vitabuni, huku tukiambiwa kwamba uko katika nchi yetu hiyo hiyo, mpakani na Uganda. Makala hii fupi inakusudia kuzitazama picha za zamani za mlima huo, Ruwenzori, kama hati za historia, na kuuliza: maandishi yaliyowekwa chini yake yanasema nini, nayo yananyamazia nini?

Mwaka 1888 Stanley aliona theluji ya Ruwenzori kwa mbali. Kazi ya kuupiga mlima picha kwa utaratibu ilifanywa mwaka 1906, katika msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa ukoo wa Savoia wa Italia. Tarehe 18 Juni mwaka huo walifika kilele cha juu kabisa, chenye kimo cha meta 5,109. Mpigapicha wao alikuwa Vittorio Sella, Mwitalia wa mji wa Biella, aliyekuwa amekwisha kupiga picha za milima ya Alaska pamoja na mwanamfalme huyo. Ukungu na mvua za Ruwenzori hazina kiasi; ilimbidi angoje wingu lifunguke kwa muda mfupi ndipo apate picha moja. Picha zake zilitolewa katika kitabu cha Filippo De Filippi mwaka 1908.

Hata hivyo, kamera za siku zile zilikuwa nzito, na hazikupanda mlima zenyewe. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, ndio waliobeba mizigo hadi pango la Bujongolo, lililokuwa kambi kuu ya msafara. Mizigo yao tunaiona matokeo yake katika kila picha. Majina yao hatuyasomi chini ya vilele.

Vilele vyenyewe vilipewa majina. Kilele cha juu kiliitwa Margherita, kwa heshima ya mama wa mfalme wa Italia. Cha pili Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Milima sita ikawa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mpigapicha naye alipata kilele chake, Sella. Hata hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na baadaye ikapanuliwa hadi Ruwenzori, iliitwa kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, hadi mwaka 1969 ilipoitwa Virunga.

Je, kubadili jina kulitosha? Katika zama za Zaire, Mlima Stanley uliitwa Mlima Ngaliema. Ngaliema alikuwa mtemi na mfanyabiashara wa Kintambo, kule Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Jina la mgeni liliondolewa, lakini lililowekwa mahali pake halikutoka kwa wenyeji wa mlima. Wakonzo, na Wanande walio ndugu zao kwa lugha, walikuwa na neno lao, nzururu, yaani theluji, nao huisimulia kuwa ni makao ya Kitasamba. Kiswahili chetu, kilichofika Kasongo pamoja na misafara ya karne ya 19, hutumia theluji, neno la Kiarabu, na barafu, neno la asili ya Kiajemi. Tulipokea kutoka ng'ambo ya bahari majina ya kitu ambacho jirani zetu wa bara walikuwa wamekwisha kukiita kwa lugha ya Kibantu.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kiasi cha kilometa za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilibaki kama kilometa moja tu, na imeendelea kupungua. Picha za Sella zimekuwa ushahidi: mtu akisimama aliposimama yeye, huona mwamba mtupu palipokuwa na weupe. Mpigapicha hakulikusudia jambo hilo, lakini ndilo linalozipa picha zake thamani kuu leo.

Kwa hiyo hapana budi tukubali mambo mawili kwa pamoja. Picha hizi ni hazina, na maelezo yake ni pungufu. Kuzitupa kwa sababu ya majina yake ni hasara. Kuyanakili majina yake bila kuuliza ni uvivu. Wanafunzi wetu wanaofika Beni na Butembo wangefanya kazi yenye manufaa kama wangezichukua nakala za picha hizo, wakawaonyesha wazee, wakaandika kwa Kiswahili kila bonde, jabali na mto vinaitwaje, na kwa nini. Barafu itakapokwisha, nzururu itabaki kuwa neno tu. Nalo neno likikosa mwandishi hupotea kama ilivyopotea theluji yenyewe.