Chikungunya ilianzia jirani yetu, chanjo ikachukua miaka 70

Msomaji wa Songea, shika barabara ya Tunduru hadi Masasi. Mbele kidogo utaikuta Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Huko, mwaka 1952, watu walianza kuugua homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Enzi hizo Songea na Newala zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwa hiyo hii ni historia yetu pia. Ugonjwa ukapewa jina la Kimakonde, chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu.

Mwaka 1953 mtafiti R. W. Ross alivipata virusi vyake kwenye damu ya wagonjwa. Ungedhani chanjo ingefuata upesi. Wapi! Jeshi la Marekani lilitengeneza ya majaribio. Baadhi ya waliochanjwa wakaumwa viungo, vipaumbele vikabadilika, mradi ukasimama. Mwaka 2004 ugonjwa ulilipuka Lamu na Mombasa, ukavuka bahari hadi Komoro, Réunion na India. Mwaka 2013 ukafika Karibi. Dunia ikashtuka. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 70.

Sasa tuna akili mnemba. Programu ya AlphaFold hukisia umbo la protini kwa muda mfupi, kazi ambayo maabarani inaweza kula miezi au hata miaka. Watafiti wa Oxford waliitumia, pamoja na vipimo vya maabara, kujua umbo la Pfs48/45, protini ya kimelea cha malaria. Lengo ni chanjo itakayokata safari ya kimelea ndani ya mbu.

Je, ingekuwepo mwaka 1953, ile miaka 70 ingepungua? Kidogo, ndiyo. Lakini muda mwingi haukuliwa na hesabu ngumu. Uliliwa na kukosa fedha na msukumo. UVIKO-19 ilipata chanjo ndani ya mwaka mmoja kwa sababu utafiti wa miaka mingi ulikuwepo tayari na fedha zilimwagwa. Tena, mwili wa binadamu haukisiwi wote: Agosti 2025 Marekani ilisitisha leseni ya chanjo ileile ya 2023 baada ya taarifa za madhara makubwa.

Halafu kuna hili. Akili mnemba hujifunza kutokana na takwimu. Mgonjwa akipimwa malaria, akakutwa hana, akarudi nyumbani na panadol bila kipimo kingine, homa yake haijaandikwa popote. Hakuna kompyuta itakayoijua. Newala iliingia kwenye vitabu vya tiba kwa sababu damu ilichukuliwa, ikapimwa, ikaandikwa.

Kwa hiyo ukisikia akili mnemba inaleta chanjo mpya, furahi, kisha uliza mawili: imejifunza kutoka kwa wagonjwa wa wapi, na nani atalipa hadi dozi ifike zahanati ya kijijini kwenu?