Gemu feki, Rambo na Nokia ya tochi: hii nayo ni historia

Najua UE zinabisha hodi na kila mtu kajifungia na notsi zake, lakini hili lina wiki nzima linanikereketa, bora nilitoe. Kwenye semina moja ya historia mwenzetu alisema anataka kufanya utafiti kuhusu mabanda ya video ya mtaani kwao. Watu wakacheka hadi machozi. Akaambiwa atafute kitu cha maana: Maji Maji, Azimio la Arusha, TAZARA. Jamaa kabadilisha mada. Mimi naona kaonewa, na leo nitamtetea kwa vitu vitatu ninavyovipenda bila aibu (sawa, kimoja kwa aibu kidogo).

TUANZE NA GEMU

Historia ya gemu waliyoiandika wenzetu inaenda hivi. Mwaka 1983 biashara ya gemu iliporomoka vibaya Marekani, mpaka Atari wakaenda kufukia kaseti zao jangwani kule Alamogordo, New Mexico. Mwaka huohuo, Japani, Nintendo wakatoa mashine inayoitwa Famicom, kazi ya injinia Masayuki Uemura na wenzake. Mwaka 1985 ikaja Super Mario Bros., biashara ikafufuka, kila mtu akafurahi.

Sasa jiulize, sisi tulikuwa wapi? Zanzibar walishakuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni mwaka 1974, na vituo vya kwanza, ITV ikiwemo, vilikuja 1994. Kwa hiyo huo mwaka 1983 unaotajwa kila mahali, kwetu ulipita kimyakimya. Gemu zilipoingia mitaani zilikuja kwa mlango mwingine: mashine za kunakili kutoka Taiwan na China, plastiki nyepesi kama sahani ya pikniki, na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9,999,999. Ukizihesabu unakuta ni zilezile chache zinajirudia kwa majina tofauti. Hehehe. Feki? Ndiyo. Lakini mtoto wa Tandika aliyemjua Mario, alimjulia humo.

Kwangu mimi mfalme ni gemu ya bata, Duck Hunt, ya 1984. Ile bunduki yake wengi walidhani inatoa mionzi. Haitoi kitu. Inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu kiboksi cheupe kinatokea pale alipo bata. Mdomoni mwa bunduki kuna kijicho cha kuhisi mwanga. Kikiuona ule weupe, bata amekwisha. Kisipouona, mbwa anakucheka.

Ila kuna jambo la kusikitisha. Bunduki hiyo imepimwa kwa muda wa TV ya chogo. Hizi TV bapa za siku hizi zinachelewesha picha kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuua kila kitu: unapiga, unapiga, bata anapaa zake. Maana yake ni kwamba chogo la mwisho likichukuliwa na watu wa chuma chakavu, gemu hiyo inaondoka nalo. Unaweza kuipakua bure kwenye simu, lakini ile shabaha, ile ya kusimama hatua tatu kutoka kwenye TV na mama anakuambia utaharibu macho, hiyo hupakui popote.

RAMBO (HAPA NDIPO PENYE AIBU)

Sinema za Rambo ni mbovu. Nakubali. Risasi haziishi, maadui wanakuja mmojammoja kama wanapanga foleni ya boom. Na bado nikizikuta mahali, nakaa mpaka mwisho. Kila mtoto wa bandani aliijua sheria: steringi hafi.

Sasa sikilizeni hii. Kwenye kitabu kilichozaa sinema hizi, riwaya ya David Morrell ya 1972, Rambo anakufa! Ni askari aliyerudi kutoka Vietnam akiwa amevurugika, nchi yake haimtaki, na anaishia kuuawa. Hata sinema ya kwanza ya 1982 ilipigwa picha za mwisho ambao anakufa. Walipoijaribisha kwa watazamaji, watazamaji wakagoma, mwisho ukabadilishwa. Kwa hiyo wazungu nao, kwenye majumba yao ya viyoyozi, walikuwa na msimamo uleule wa banda la Manzese. Steringi hafi!

Halafu angalia alivyotumiwa baada ya kupona. Mwaka 1988, kwenye sinema ya tatu, yuko Afghanistan anawasaidia mujahidina dhidi ya Warusi. Sinema ilitoka Mei 25, na Warusi walikuwa wameanza kuondoa majeshi yao Mei 15. Komandoo kafika vita vimeshaanza kufungwa. Miaka kumi na mitatu baadaye Marekani wenyewe wakaingia Afghanistan, wakatoka 2021. Ukitaka kumfundisha mtu Vita Baridi na kiburi chake, mkanda huu unatosha mihadhara miwili.

Lakini kwetu Rambo alikuwa na maisha mengine kabisa. Mabandani hakuzungumza Kiingereza. Watafsiri wa sinema kama Lufufu hapa kwetu, na DJ Afro kule Kenya, waliwasemesha steringi na adui maneno ya mtaani, wakaongeza utani, wakaeleza ya mbele na ya nyuma, mpaka hadithi ikawa yetu. Huyo ni fanani, tofauti na wa zamani ni kwamba huyu ana deki. Na jina lenyewe likahamia sokoni: mfuko wa plastiki ukaitwa rambo. Mifuko ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, tulisema rambo zimekatazwa, na hakuna aliyeuliza kama tunamsema Stallone.

NOKIA YA TOCHI

Mwisho, kifaa. Semeni yote kuhusu simu zenu za kamera nne. Kwangu bingwa wa muda wote ni Nokia 1100, iliyotoka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na hakuna simu iliyowahi kuipita kwa wingi huo. Haina kamera wala intaneti. Wenyewe waliitengeneza makusudi kwa watu kama sisi: vitufe vimefunikwa kwa kipande kimoja vumbi lisiingie, ubavuni haitelezi mkono ukiwa na jasho, na juu kabisa, tochi.

Hiyo tochi msiidharau. Mgao wa umeme wa 2006 uliwakuta watu wengi wakiwa na simu hiyo mkononi, na ikageuka taa ya kupikia, ya kusomea na ya kwenda chooni. Mama yangu mpaka leo simu anaiita "tochi", hata hii ya kugusa niliyomnunulia.

Ndani yake kulikuwa na gemu ya nyoka. Nyoka wa Nokia alitengenezwa na Mfini Taneli Armanto kwa ajili ya simu ya 6110 ya mwaka 1997, na ndiye aliyewafanya wazazi wetu kuwa wachezaji wa gemu bila wenyewe kujua. Simu za namna hiyohiyo, za vitufe, ndizo zilizobeba M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na kuingia kwetu 2008. Mtu alijifunza vitufe kwa nyoka, kesho yake akatuma hela kijijini.

SASA HOJA YANGU

Tarehe za viwandani zinatuambia kitu kilizaliwa lini. Hazituambii kilifika kwetu lini, kwa mikono ya nani, na tulikifanya nini. Hayo yako vichwani mwa fundi wa TV, mwenye banda, na dada aliyekuwa anauza kaseti Kariakoo, na watu hao wanazeeka. Maji Maji tunaisoma leo kwa sababu wapo waliokwenda kuwauliza wazee wakiwa hai. Bila wao tungebaki na mafaili ya Wajerumani peke yake.

Kwa hiyo likizo hii, ukiwa nyumbani, mtafute mwenye banda mmoja. Muulize alianza mwaka gani, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, mkanda gani ulijaza watu, deki aliipata wapi. Rekodi kwa simu, andika jina la mtaa na tarehe. Na kama kwenu bado kuna chogo, tafadhali msiliuze kwanza. Nina bunduki, sina TV.

Haya, narudi kwenye notsi. Tuombeane.