Kuona Ni Leo, Kupona Ni Baadaye: Historia Fupi ya Macho na Leza

Wewe unayevaa miwani hutaki kuelezwa taabu yake. Kwenye sujudi unaivua, kwenye mvua haina faida, na mpirani huvunjika siku ambayo mfukoni hamna kitu. Kisha unasikia kwamba fulani kafanyiwa macho kwa leza, dakika chache tu, na siku ya pili anasoma bango la matatu lililo ng'ambo ya barabara. Unajiuliza, mimi je?

Maneno hayo si uongo. Ila hapo pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuona na kupona. Na si sisi tu tunaoyachanganya. Ukiifuatilia historia ya operesheni hii utakuta madaktari wakubwa nao waliyachanganya kwa miaka mingi, na waliolipa ni wagonjwa.

Hebu kwanza tujue kinachokatwa ni nini. Mbele ya jicho, juu ya mboni, kuna kioo kama kile cha saa ya mkono. Kitaalamu huitwa konea. Matabibu wa Kiarabu wa zamani walikiita qarniyya, kutokana na qarn, yaani pembe, na aliyekaa chuoni atalitambua neno hilo mara moja. Jina la Kilatini lina maana hiyo hiyo. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, na hakina mshipa hata mmoja wa damu, kwani kingekuwa nao tusingeona vizuri. Hewa yake hukipata kupitia machozi. Kwa sababu hiyo kidonda cha konea hakiponi kama kidonda cha mguu. Juu hufunga haraka, lakini ndani huchukua muda mrefu sana.

Wazee wa kale walilijua hilo. Ammar bin Ali al-Mawsili, mtu wa Mosul aliyefanya kazi Misri zama za al-Hakim (996–1021), aliandika namna ya kumtoa mtoto wa jicho kwa kumnyonya kwa sindano yenye tundu ndani, ili tundu la kuingilia liwe dogo. Mfaransa Jacques Daviel, mwaka 1747, alimtoa kwa kuikata konea. Uzi wa kushonea jicho haukuwako. Basi mgonjwa akilazwa chali, macho yote mawili yamefungwa, haruhusiwi kugeuka. Hata karne ya 20 ilipoingia, wagonjwa wa mtoto wa jicho walikuwa wakiwekewa mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa wasije wakatikisika. Kukohoa tu kungeweza kufungua kidonda. Nyakati zile hakuna aliyedhani kwamba kazi imekwisha daktari anapoweka kisu chini.

Mambo yakageuka pale madaktari walipoanza kukata macho mazima, si kwa ugonjwa bali kwa kuondoa miwani. Tsutomu Sato wa Japani, kuanzia miaka ya 1930, aliichanja konea kwa nje na kwa ndani ili ilale, na mtu asiyeona mbali aone. Wakaona! Lakini upande wa ndani wa konea kuna seli ambazo kazi yake ni kusukuma maji yatoke, na kwa binadamu zikifa hazizaliki nyingine. Miaka ikapita, kumi, ishirini, na konea za wagonjwa wengi wa Sato zikaanza kuvimba na kuwa nyeupe kama kioo chenye mvuke. Hasara ilikuwa imefanyika siku ile ile ya operesheni, ila jicho lilichelewa kusema.

Mrusi Svyatoslav Fyodorov, kule Moscow miaka ya 1970, akauacha upande wa ndani. Alikata kwa nje tu, mikato inayotoka pembeni kuelekea katikati, kama mtoto anavyochora miale ya jua. Ikawa sifa ya dunia nzima. Alifika mahali pa kuwalaza wagonjwa kwenye vitanda vinavyozunguka, kila daktari na hatua yake, mithili ya kiwanda cha soda. Wamarekani wakaichukua, lakini pia wakafanya jambo la maana: waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, macho 43 katika kila 100 yalikuwa yamesogea nambari moja nzima au zaidi kuelekea upande wa pili, yaani kutoona karibu. Mikato ilikuwa bado inacheza. Kumbe hawakuwa wamepona!

Kisa cha Beck Weathers, daktari wa Texas, kinaonyesha hatari ya jambo hilo. Alikuwa amefanyiwa mikato ile, akaona vizuri, akaenda kupanda mlima Everest mwezi wa Mei 1996. Kule juu hewa ni haba, na konea hutegemea hewa. Sehemu zilizokatwa zikavimba, uwezo wake wa kuona ukapotea karibu wote, akabaki kumngoja kiongozi wake amshushe. Dhoruba ikamkuta mlimani. Alinusurika, lakini mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko, na vidole vya kushoto na pua vikaenda.

Sasa leza yenyewe. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, California, mwaka 1960, lakini leza za awali zilikuwa zikichoma. Iliyofaa kuichonga konea ni aina nyingine, yenye miale isiyoonekana kwa macho. Tarehe 27 Novemba 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya jana yake. Akaielekeza leza hiyo kwenye gegedu la yule bata. Ikachonga safi, pembeni hapakuungua hata kidogo. Daktari wa macho Stephen Trokel aliposikia, akaenda maabarani hapo kuijaribu kwenye konea, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo. Mwaka 1988, mjini New Orleans, Marguerite McDonald aliitumia kwa mama mmoja ambaye jicho lake lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Mama huyo alilitoa jicho hilo lijaribiwe kabla ya kuondolewa. Sidhani wengi wanaonufaika leo wanajua habari zake.

Katika njia hiyo ya kwanza daktari hukwangua ngozi ya juu ya konea, kisha leza huchonga. Ngozi hiyo huota tena kwa siku tatu hadi tano, na siku hizo zina maumivu hasa. Jicho huvalishwa lenzi laini kama bendeji. Uwezo wa kuona hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Watu hawakuipenda subira hiyo. Ioannis Pallikaris, daktari wa kisiwa cha Krete, akaleta njia ya pili iliyopata jina lake, LASIK, mwaka 1990: konea inakatwa kifuniko chembamba kilichoshikana upande mmoja kama jalada la kitabu, kinafunuliwa, leza inachonga chini yake, kinarudishwa. Hapo ndipo habari ya "siku ya pili anasoma bango" ilipoanza.

Maumivu ni kidogo sana, ni kweli. Lakini kile kifuniko kimekata neva za konea, na neva ndizo zinazoliambia jicho litoe machozi. Huchukua miezi kuota tena, ndiyo maana wengi hukauka macho na kuona duara za mwanga kwenye taa za magari usiku. Na kifuniko chenyewe hakishiki tena kwa nguvu ya awali. Kuna watu ambao kilisogezwa na pigo la jicho miaka kadhaa baadaye. Njia mpya zaidi, inayopitisha kazi yote kwenye tundu dogo bila kifuniko, iliruhusiwa Marekani mwaka 2016. Naiona kama Mawsili na sindano yake tena.

Kwa hivyo ukienda, usiulize tu "nitaona lini?" Ulizia pia umbo na unene wa konea yako. Ukiwa na ile hali ya konea kuchongoka kama koni, leza ya kawaida itakumaliza. Hapa kwetu vijana wengi wamekua na mzio wa macho, wakiyasugua tangu utotoni, na kusugua huenda pamoja na hali hiyo. Baada ya operesheni, wakati wa udhu usiyafikiche macho, na maji yasiingie mpaka daktari aruhusu. Matone ya dawa hayarukwi, hata mchana wa Ramadhani. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, matone ya jicho hayabatilishi saumu. Ukiwa Maliki, muulize sheikh wako mapema.

Jambo moja la mwisho ambalo watu hawaambiwi sana. Ile karatasi ya vipimo vya macho yako kabla ya leza, usiitupe. Ukizeeka na mtoto wa jicho akaja, daktari atahesabu nguvu ya lenzi ya kukuwekea kwa kupima konea, na konea iliyochongwa huidanganya hesabu. Iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.